Nakala ya Blanketi

Siku mliyoniaga, vijana wangu wa karakana, mlinipa kitenge, saa ya ukutani na daftari la jalada gumu, mkaniambia niandike uzoefu wangu. Kitenge nimeshakivaa. Saa bado sijaitundika kwa sababu nimeifungua kwanza nione ndani ina nini. Daftari ndilo hili. Habari za vyeo sitaziandika, ziko kwenye faili na hazimfundishi mtu kulehemu. Cheo kimoja tu nitakitaja, cha kwanza, kwa sababu sikukipata kwa njia safi. Mengine yote ni ya kazi.

Nilifika karakana ya chuo cha ufundi cha Nyakato, hapa Musoma, nikiwa na miaka ishirini na mbili, nimetoka Butiama na sanduku la bati na cheti cha umeme wa majumbani. Mkuu wa karakana alikuwa Mzee Wambura, mtu mfupi, mwenye masikio makubwa na maneno machache. Cheti changu hakukitazama. Alinipa redio ya mteja akasema, "Usiifungue. Isikilize, halafu uniambie inaumwa nini." Niliisikiliza nusu saa nzima, nikamwambia spika imechanika, kwa kuwa inakoroma kwenye sauti nene tu. Akaifungua. Spika ilikuwa nzima, ila mende walikuwa wamejenga nyuma yake. Nilitaka kulia. Yeye akacheka, akasema sikukosea sana, maana nilisikia kwamba kuna kitu kinatetemeka, na wengi huwa hawasikii hata hicho.

Vifaa vyetu vilikuwa vya kuokoteza. Umeme ulipokatika tulipasha chuma cha kulehemu kwenye jiko la mkaa, ndiyo maana sketi zangu zote za miaka ile zilikuwa na matundu. Kwa hedi ya kusomea kaseti tulikuwa na spiriti na pamba. Pembeni ya hedi ile kuna skrubu ndogo sana, na ukiizungusha kidogo hedi inainama na sauti iliyofifia inarudi. Mzee Wambura alitengeneza bisibisi yake kwa spoku ya baiskeli, akainoa mpaka ikaingia kwenye skrubu hiyo. Ninyi mnatupa redio kaseti kwa kuwa sauti imefifia, wakati ugonjwa wake ni robo mzunguko.

Mwaka wangu wa pili, Sista mmoja wa Kizungu aliyekuwa akifundisha hesabu katika karakana alirudi kutoka likizo na kompyuta. Msifikirie hizi zenu. Ilikuwa na ukubwa wa daftari la shule, vitufe vyake vya mpira laini kama vifutio, na haikuwa na skrini yake. Tuliiunganisha na televisheni ndogo nyeusi na nyeupe ya Sista, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imekaa kabatini bila stesheni hata moja ya kushika. Na kwa kuwa kompyuta yenyewe ikizimwa ilisahau kila kitu, michezo yake ilihifadhiwa kwenye kaseti, zilezile tulizosikilizia kwaya.

Ulichomeka waya kutoka kwenye redio kaseti, ukaandika amri, ukacheza kaseti, ukasubiri dakika tano. Ukichomoa waya ukasikiliza kwa spika, ulisikia mlio kama mtu anakwangua ukoko wa ugali. Halafu kwenye skrini kilitokea kimpira kinachodunda ukutani, nawe unakidaka kwa kibao. Watu waliacha chai. Mzee Wambura hakucheza. Kwa siku tatu alikaa ameshika shavu, akisikiliza kaseti bila waya. Mwishowe akamuuliza Sista, "Sauti inakuwaje mchezo?" Sista akamchorea mapigo mawili, moja fupi na moja refu, akamwambia kila kitu kiko ndani ya hayo mawili. Mzee akarudi kwangu macho yanang'aa. "Kumbe ni ngoma," alisema. "Ngoma ya mapigo mawili tu. Basi hii hata sisi tunaiwezaga."

Aliyeiweza kweli alikuwa Magesa, mwanafunzi wa ufundi redio kutoka Kibara, mtoto wa mvuvi. Alichukua kitabu cha maelekezo cha Sista na kamusi, akajifungia nacho kila jioni kwa miezi mitano. Alitokea na mchezo wake mwenyewe, akauita Ziwa. Skrini ilijaa nukta, ndiyo maji, na pembeni mstari, ndio ufukwe. Mtumbwi ulikuwa herufi V. Unaupeleka unakotaka, unatupa nyavu, zinatoka na sato au sangara au hazitoki na kitu, na kama kinyota kikikusogelea, huyo ni kiboko, kimbia. Ulikuwa mchezo mzuri kuliko vyote vya Sista, nasema hivyo kwa moyo mweupe.

Kulikuwa na jambo moja lililotukosesha raha. Nyavu zilikuwa zinachanika. Unavua vizuri, mara nyavu zimechanika na samaki wote wamekwenda, na hakuna aliyejua kwa nini. Wengine walisema ni upepo, wengine kina cha maji. Mimi niliweka hesabu kwenye karatasi wiki nzima sikupata jibu. Tulimbana Magesa atuambie. "Ziwa haliwaambiagi watu," alijibu, akaenda zake kula.

Sasa niwaeleze nakala ya blanketi, maana ndipo tulipoharibikiwa. Siku zile, mtu akiwa na kaseti ya kwaya nawe unaitaka, mliazima redio mbili mkaziweka uso kwa uso kitandani, moja ikicheza na nyingine ikirekodi. Mlizifunika kwa blanketi zito, mkafukuza kuku, mkawaambia watu wa nyumbani wanyamaze. Nakala ilitoka nzuri tu, labda mtu amekohoa katikati. Magesa naye aliuchukua mchezo wake kwao Kibara wakati wa likizo, akautolea nakala namna hiyohiyo. Alirudi na kaseti zote mbili, ya kwanza akaiweka kwenye droo ya juu ya karakana, ya pili kwenye sanduku lake. Nilimuuliza nakala ikoje. "Safi, dada Mkami. Jogoo tu kapiga kelele kidogo mwishoni." Hakuna aliyewaza kuijaribu. Wimbo wenye jogoo ndani bado ni wimbo.

Wiki mbili baadaye kwaya ya chuo ilikuwa inakwenda Bunda na ilitaka kurekodi nyimbo zake kabla ya safari. Madukani hapakuwa na kaseti tupu. Mzee Wambura akaniambia nitafute yoyote isiyo na kazi. Nikafungua droo ya juu, nikaishika ile ya Magesa, nikajiambia nakala anayo. Nikaiziba kwa karatasi yale matundu ya ukingoni yanayozuia kurekodi juu yake, nikawapa. Nilijua ninachofanya. Sikujua tu kwamba ni kosa.

Kamati ya chuo ikaja kuona kama inafaa kuanzisha darasa la kompyuta na kumwajiri Magesa awe msaidizi wake. Walikuja wajumbe watano, wakakaa kwenye mabenchi. Magesa akafungua droo, hakuiona kaseti. Akanigeukia. "Dada Mkami, ile kaseti yangu iko wapi?" Nilikuwa bado kwenye majaribio ya kazi, na mwenyekiti wa kamati alikuwa ananitazama. Nikasema, "Sijui."

Akakimbilia sanduku lake, akaleta nakala ya blanketi. Tukasubiri dakika tano. Skrini ikaandika kuna kosa. Akarudisha nyuma, akajaribu tena, mara sita, jasho linamdondokea kwenye vile vitufe vya mpira. Sikio la binadamu linasamehe kikohozi na jogoo, lakini kompyuta inahesabu kila pigo, na pigo lililozibwa na blanketi si fupi wala refu. Mzee Wambura alisimama akaapa kwamba mchezo upo na ameuona. Mwenyekiti akauliza kwa upole, "Sasa kijana, mbona hatuuoni?" Basi. Darasa halikuanzishwa. Sista alimaliza muda wake akaondoka na kompyuta yake. Magesa akarudi Kibara kuvua, na ile nafasi ya msaidizi ilikaa wazi mwaka mzima, kisha nikapewa mimi kwa kazi ya redio. Hicho ndicho cheo nilichosema.

Miaka iliyofuata mnaijua zaidi. Zilikuja televisheni zenye stesheni, zikaja deki, simu, na umeme wa kupanda na kushuka uliotupa kazi kuliko matangazo yote. Kesi ngumu niliyoipenda ilikuwa kipaza sauti cha kanisa moja kule kwetu Butiama, jirani na Mwitongo, kilichokuwa kinanguruma kila Jumapili saa nne, siku nyingine kimya. Nilikwenda mara tatu nikabadilisha kila kitu isipokuwa padri. Mara ya nne niliacha vifaa nyumbani nikakaa kwenye benchi kama muumini. Saa nne ikafika, nikasikia mashine ya kusaga ya jirani ikiwashwa. Jirani alikuwa Msabato, Jumapili ndiyo siku yake kubwa ya kazi, na alikuwa amechukua umeme kwenye waya uleule wa kanisa.

Lakini kila niliposhika kaseti nilimwona Magesa amesimama mbele ya ile droo. Nilisikia kwamba kule Kibara aliendelea kuwasimulia watu jinsi alivyowahi kutengeneza mchezo wa kompyuta, na kwamba walimpachika jina la Mzee Kompyuta, na si kwa heshima. Kibara si mbali. Kwa miaka zaidi ya thelathini sikwenda, na sina cha kujitetea.

Mwaka jana, miezi minne kabla sijastaafu, akaja mwenyewe. Nilikuwa mezani na Bhoke, fundi mwenzenu, aliyejifunza mambo ya sauti kwenye laptopu. Akaingia mwanamume mwenye mvi, kofia mkononi, na nyuma yake mwanamke wa miaka thelathini hivi, nadhifu, amekunja uso.

"Dada Mkami," alisema. "Bado unasikilizaga redio kabla ya kuzifungua?"

Mwanamke akanisalimu, "Shikamoo mama. Mimi Neema, binti yake. Nafundisha kompyuta sekondari Bunda." Akamtazama baba yake, kisha akaamua kusema. "Mama, nimemleta ili yaishe. Baba alikuja kwa wakwe zangu, akaanza tena habari ya mchezo aliotengeneza, ati mtumbwi kwenye televisheni. Mama mkwe alicheka mpaka machozi. Na mimi ndiye mwalimu wa kompyuta. Nikamwambia, baba, tafadhali, mbele ya wale watu usiseme tena. Ananiambia kaseti anayo. Haya, kaseti yenyewe hii. Mwambie kama kuna kitu."

Magesa aliiweka kaseti mezani, imefungwa kwenye nailoni mbili.

Nikamwambia Bhoke atupishe. Akatoka. Kisha nikamwambia Magesa, mbele ya binti yake, kwamba kaseti ya kwanza niliitoa mimi kwenye droo, nikaipa kwaya, na siku ile ya kamati nilijua iko wapi nikasema sijui. Mwanamke wa miaka sitini, nataka kulia kama siku ya ile redio ya mende.

Aliigeuza kofia yake mkononi, akauliza, "Kwaya yenyewe iliimba vizuri?"

"Waliimba vizuri."

"Nilidhani nilikosea mimi," alisema. "Miaka yote hii nilikuwaga najiuliza niliiweka wapi." Akakaa. Hakusema amenisamehe, nami sikuuliza. Alisema, "Sasa isikilize hii."

Nikamwita Bhoke, tukaanza kazi, na kazi hiyo ilituchukua wiki sita. Niliisafisha hedi kwa spiriti, nikazungusha ile skrubu ndogo kidogo kidogo mpaka mlio ukawa mkali kadiri unavyoweza. Bhoke akauingiza kwenye laptopu, na hapo niliona kitu ambacho Mzee Wambura angetoa jino akione: mapigo yenyewe, yamepangwa kwenye skrini kama meno ya chanuo. Pale laptopu iliposhindwa kuamua tuliamua kwa macho, pigo moja baada ya jingine, tukibishana. Fupi. Refu. Hapana mama, hilo refu. Mistari ya mchezo ikaanza kutoka. Nilipoiona herufi V, nilipiga kelele mpaka mteja akaingia kuuliza kuna nini.

Tulikwama sehemu moja. Karibu na mwisho wa kaseti jogoo aliwika, na alipowika hapakuwa na pigo la kusoma. Bhoke alihesabu nafasi: mstari mmoja wa programu umekufa, na bila huo mchezo hauendi. Lakini alinionyesha jambo. Kompyuta zile zilipohifadhi kitu zilijumlisha herufi na tarakimu zote, zikaandika jumla mwishoni kama namba ya ukaguzi, na namba hiyo ilikuwa nzima. "Kwa hiyo mama," alisema, "tukijaza pengo kwa maneno yasiyo yenyewe, namba itakataa. Aliyeuandika ndiye pekee anayeweza kuujaza."

Tulimwita Magesa. Akaja na Neema, siku ya Jumamosi asubuhi. Bhoke alimweleza Neema kwa lugha ya kitaalamu jinsi ukaguzi unavyofanya kazi, na nikaona uso wa Neema unabadilika, kwa sababu alielewa, na kwa sababu sasa aliogopa. Kama baba yake angeshindwa, asingeweza tena kusema ni hadithi tu. Ingekuwa uongo uliopimwa.

Magesa alivaa miwani. Aliomba tumwonyeshe mstari ulio juu ya pengo na ulio chini yake. Akaisoma akisogeza midomo. Ilipita robo saa. Nilitaka kumnong'oneza jibu lakini sikuwa nalo.

"Hapa ndipo nyavu zinapochanika," alisema. Akachukua kalamu, akaandika kwenye karatasi mstari mzima, namba yake na amri zake, pole pole, kwa herufi kubwa. Akafuta alama moja ya mkato, akairudisha. Bhoke akauandika kwenye laptopu.

Urefu ulikaa sawasawa, nafasi kwa nafasi. Namba ya ukaguzi ikakataa.

Bhoke akafungua mdomo, kwa kuwa tofauti ilikuwa ni moja tu na aliiona. Nilimkanyaga mguu. Mniwie radhi, lakini jibu lisingekuwa lake.

Neema akasema taratibu, "Baba, siyo lazima. Umejitahidi. Twende tu."

Magesa hakuondoa macho kwenye karatasi. "Nimeandika mara tatu," alisema, kama anazungumza na mtu mwingine. "Unatupa mara tatu, zinachanika. Siyo tatu. Baba yangu alikuwaga anatupa mara nne. Ya nne akimaliza anarudi ufukweni kushona, hata kama nyavu ni nzima. Sisi tulikuwaga tunamlalamikia, wenzetu bado wako majini wanavua. Ukirudi kushona, hesabu inaanza upya, hazichaniki kabisa. Usiporudi, kuanzia hapo zinachanika kwa bahati nasibu, mtupo wowote." Akakata tatu, akaandika nne. "Hiyo ndiyo yenyewe."

Namba ikakubali.

Nilikaa chini. Wiki nzima ya hesabu kwenye karatasi, nikiwa na miaka ishirini na tatu, na halikuwa jambo la upepo wala la kina cha maji. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kurudi ufukweni kwa hiari yake.

Bhoke akaufungua mchezo kwenye programu inayoiga mashine ile ya zamani. Skrini ikawa nyeusi, kisha zikatokea nukta, na katikati yake V ndogo. Chini kabisa pakatokea jina la mtengenezaji, herufi zote kubwa, na neno KIBARA.

Neema alisoma jina lile, akalisoma tena kwa sauti. Akavuta kiti, akakaa mbele ya laptopu. "Nabonyeza wapi, baba?" Magesa akainama juu ya bega lake akamwonyesha. Akavua sato wawili, akavua sangara, akasahau kurudi, nyavu zikachanika, akasema "Aah!" kama tulivyokuwa tunasema sote. Akaanza upya, kiboko akampata. Mara ya tatu alikwenda ufukweni bila kuambiwa.

Kisha akachukua simu, akampigia mume wake. "Uko nyumbani? Njoo Musoma, karakana ya Nyakato... Hapana, hakuna mgonjwa. Njoo uone mchezo alioutengeneza baba." Akasikiliza kidogo, akajifuta macho kwa kiganja. "Na mama mkwe mlete. Mwambie nimesema mimi, lazima aje."